Kovu la Radi Mbili

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali. Limeegemea ukuta kati ya kinyozi na fundi wa televisheni, na juu yake kimening'inia kibao cha saluni kinachoonekana tangu kwenye kona: kichwa cha mwanamume kikubwa kuliko ndoo, nywele zimekatwa ngazi tatu, meno yote nje, na kovu jembamba linaloshuka kutoka kwenye paji la uso hadi karibu na jicho la kushoto. Kila anayekaa hapa anajua kwamba yule ni Radi Mbili, mwanamuziki, na kila anayekaa hapa ana habari zake kamili kuhusu lile kovu. Kahawa huletwa na Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu lakini ole wako umwite vingine. Jumanne hiyo asubuhi vikombe vilikuwa vimejaa na hakuna aliyekunywa, kwa sababu fundi wa televisheni, tunayemwita Antena, alitoka dukani mwake mbio, bisibisi mkononi, akatamka neno moja.

— Kipara!

— Nani? akauliza Wembe, kinyozi, mwenye kibao.

— Radi Mbili! Kipindi cha asubuhi, sasa hivi hivi. Kakaa kwenye kochi anahojiwa, kichwa kitupu kama balbu. Ngazi ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu ndiyo usiseme.

Wembe aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

— Umekosea stesheni.

— Stesheni gani, bwana wee? Jina lake limeandikwa hapo chini.

— Labda kavaa kitu. Kofia ya rangi ya ngozi.

— Mtangazaji kampapasa, Wembe. Kampapasa mbele ya taifa zima.

— Sasa kichwa chake, nywele zake, alisema Shangazi. Wewe yanakuhusu nini?

— Yananihusu, Shangazi! Leo ndiyo siku ya mkaguzi!

Hapo hata Shangazi akaweka birika chini. Ofisi ya Vibao hukagua kila kibao mara moja kwa mwaka. Wembe alikipata kibali cha kile chake baada ya miezi minane, barua saba, na picha ndogo nne za yeye mwenyewe ambazo mpaka leo hakuna aliyemweleza zilikuwa za kazi gani. Miezi yote hiyo kibao kilikaa ndani kimegeuzwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, na saluni ikawa mlango tu. Watu hawanyolewi na mlango. Waliupita, wakapiga kona, wakanyolewa kwa yule jirani mwenye kibao cha simba. Na barua ya mkaguzi ilisema wazi: Jumanne, saa nne, mwenye kibao awepo. Ilikuwa saa tatu na robo.

Sote tukamgeukia Katibu. Katibu alipiga taipu katika ofisi ile ile miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na kanuni zake anazijua kama vijana wanavyozijua nyimbo, pamoja na viitikio.

— Kanuni ya kumi na nne, alisema, akafumba macho. "Picha ya mtu anayejulikana sharti ifanane na mtu huyo alivyo wakati wa ukaguzi. Isipofanana, kibao kishushwe siku hiyo hiyo, na mwenye kibao aanze ombi upya." Niliipiga mimi mwenyewe. Nakala sita.

— Si ungeruka mstari, mzee wangu! Wembe akalia.

— Nilikuwa kijana. Nilikuwa bado naamini kazi.

— Ulimwambia yule mkaguzi wa mwaka jana kwamba ni Radi Mbili? aliuliza Antena.

— Nilimwambia? Nilimwimbia! Ubeti mzima na kiitikio. Akaandika kitu kwenye faili lake, akapanda pikipiki yake, akaenda.

— Basi jina limo, alisema Katibu. Na lililomo kwenye faili limo. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

— Mzee, mimi ndiye ninayenyoa!

Mwisho wa benchi, chini kabisa ya kibao, alikaa Brashi. Ndiye aliyekichora, na tangu kipandishwe hajawahi kukaa sehemu nyingine. Akachomoa brashi nyuma ya sikio.

— Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alisema. Leteni ngazi. Nampaka kipara kwa nusu saa, na mng'ao juu.

— Huwezi, Katibu akasema. Kanuni ya kumi na tano. Kubadilisha picha bila kibali ni kosa kubwa kuliko picha yenyewe.

— Na hiyo nayo uliipiga wewe?

— Siku ile ile. Baada ya chai.

Wembe akashika kichwa chake, ambacho kwa bahati kilikuwa na nywele.

— Jamani, nisaidieni kitu kimoja tu. Kwa nini kanyoa? Kama ni jambo la kupita, nitamwomba mkaguzi avute subira mpaka zikue. Kama ni la kudumu, nijue moja.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Benchi hili halijawahi kuulizwa kwa nini likakosa la kusema.

— Rangi, alisema Antena. Mwaka juzi zilikuwa za dhahabu, mwaka jana za kijani, kwenye tamasha lile la mvua zikamchuruzikia mpaka kwenye soksi. Zimeungua. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali ni ya kuongeza, Shangazi akamwambia. Nywele zinapungua.

— Kibaba kilikuwa kwenye chanuo, Shangazi.

— Acheni porojo, alisema Brashi. Ni ile tamthilia ya Jumatano. Radi Mbili kachukua nafasi ya mfungwa. Mfungwa lazima anyolewe.

— Mle ndani anaigiza daktari! akapinga Antena.

— Daktari, ndiyo. Wiki iliyopita kampasua mjomba wa mkewe bila glavu. Unadhani wiki hii anakwenda wapi? Kupewa cheti?

Wembe akainua macho yenye matumaini.

— Kwa hiyo akifunguliwa zitaota?

— Inategemea hakimu.

Katibu akakohoa kikohozi cha ofisini, kile kinachotangulia waraka.

— Ni bima. Watu mashuhuri hukatia bima kile kinachowaingizia riziki. Mchezaji, miguu. Huyu, nywele. Zikipotea, kampuni inalipa. Lakini zikiota tena, anatakiwa arudishe malipo. Kwa hiyo hazitaota. Atazizuia.

— Kwa dawa?

— Kwa wakili.

— Penye miti hapana wajenzi, alisema Brashi kwa huzuni, na hakuna aliyemuuliza alikusudia nini.

Wakati huo Antena alikuwa amerudi nyuma hatua mbili. Alikuwa anaikodolea macho picha juu yetu, bisibisi imeelekezwa kwenye jicho la kushoto.

— Nyie, alisema polepole. Yule wa kwenye kochi hakuwa na kovu.

— Toka hapa!

— Haki ya Mungu. Kamera ilimsogelea mpaka nikayaona matundu ya ngozi. Paji la uso safi kama sahani. Kovu hakuna!

Unaweza kunyoa nywele, ila kovu halinyolewi. Na kovu lile tulilijua jamani! Brashi alikuwa na habari kwamba lilitokana na chupa, ugomvi wa kumtetea mchumba. Katibu aliambiwa na mtu wa kuaminika kwamba ni ajali ya baiskeli utotoni. Antena mwenyewe mwaka mzima amekuwa akiwasimulia wateja wake jinsi upatu, ule wa shaba unaogongwa, ulivyochomoka kwenye ngoma jukwaani, ukaruka, ukamkata, na Radi Mbili akaendelea kuimba mpaka mwisho wa wimbo, damu inatiririka.

— Lisemwalo lipo, Antena akanong'ona. Yule si yeye. Yule ni pacha wake. Radi Mbili halisi wamemficha, au kakimbia mkataba, wakamleta mdogo mtu aje akae kwenye kochi. Wakamnyoa ili tukikitazama kipara tusiliangalie paji la uso!

— Mbona hatujawahi kusikia habari za pacha? Shangazi aliuliza.

— Kwani kwa nini anaitwa Mbili?

Wembe alisimama, uso umeanza kurudiwa na rangi yake.

— Basi nimepona! Mkaguzi akija nitamwambia: yule wa televisheni ndiye bandia. Radi Mbili halisi ni huyu wangu hapa juu. Kibao changu hakikukosea, televisheni ndiyo imekosea!

— Utahitaji kiapo cha maandishi, alisema Katibu. Na mashahidi wawili waliomwona huyo pacha.

Wembe akakaa tena.

Katika mabishano hayo hatukumwona binti aliyesimama pembeni mwa kibanda cha kuchajia simu, mwavuli mkono mmoja, mkoba mkono mwingine. Sote macho yetu yalikuwa kwenye kona, yakingoja pikipiki ya mkaguzi.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mwanangu. Kahawa?

— Nitashukuru, mama. Nimetembea tangu kituoni.

Akasogezewa nafasi, akanywa funda moja, kisha akainua macho kwenye kibao. Akakitazama kwa muda mrefu, kichwa akikilaza upande huu, halafu upande ule.

— Samahanini, alisema. Huyu ni nani?

— Wewe nawe ni mgeni kweli, Antena akaanza, humjui...

Akaishia hapo, kwa sababu binti alikuwa amefungua mkoba na kutoa faili la kijani, na juu ya faili kulikuwa na muhuri wa Ofisi ya Vibao.

— Mwenzangu amestaafu, alisema. Sasa mtaa huu ni wangu. Mwenye kibao ni nani?

Wembe akanyoosha mkono kama mwanafunzi ambaye hakufanya zoezi.

— Haya, kaka. Huyu mtu ni nani?

Wembe alifungua mdomo. Akisema Radi Mbili, kanuni ya kumi na nne inamngoja. Akisema mwingine, faili linamsuta. Akaufunga. Katibu alitazama viatu vyake. Antena alikagua bisibisi. Nzi mmoja alizunguka ukingo wa kikombe cha Brashi, akamaliza mzunguko, akaanza wa pili.

— Hawa wanasema ni Radi Mbili, alisema Shangazi. Mimi namimina kahawa tu.

Wembe akamtazama kama mtu aliyesukumwa kisimani na ndugu yake wa damu.

— Radi Mbili? Yule mwanamuziki?

Binti akacheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

— Mtanisamehe, wazee wangu. Mdogo wangu kabandika picha zake kumi na moja ukutani, na chumba tunalala pamoja. Nikifumbua macho asubuhi namwona yeye kabla sijaliona jua. Radi Mbili hana kovu. Hajawahi kuwa nalo. Na pua si hii. Na masikio yake ni madogo, haya yanaweza kubeba mzigo. Nywele sawa, lakini ngazi tatu mwaka ule hata mwalimu wetu mkuu alikata.

— Pacha, alisema Antena, ila kwa sauti ya mtu anayezimika.

Polepole, bila kuambizana, tukamgeukia Brashi.

— Mnanitazamia nini? Mimi nilichora nilichokiona! Wembe alinipa simu yake, picha imo ndani, nikachora mstari kwa mstari. Sikuongeza hata kimoja.

Wembe alitoa simu mfukoni. Ni simu ile ile, ilianguka kwenye sakafu ya saluni zamani na hakuwahi kuitengeneza. Akaitafuta picha, akaifungua. Ufa wa kioo ulianzia kona ya juu, ukapita kwenye paji la uso la Radi Mbili, ukashuka hadi karibu na jicho la kushoto.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ufa ukawa pale pale.

— Upatu, alisema Antena kwa unyonge. Nimewaambia watu upatu. Mmoja alilia.

Lakini Wembe hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshikilia benchi kwa mikono miwili.

— Dada yangu, kwenye faili kimeandikwa nini?

Binti akafunua ukurasa.

— "Picha: mwanamume mmoja. Ana nywele. Ana kovu. Mwenye kibao ameimba. Mtu hajulikani."

— Hajulikani? 

— Ndivyo alivyoandika mwenzangu.

— Kanuni ya kumi na nne, alisema Katibu, na sauti yake ilitetemeka kama ya mtu aliyemwona mwanawe amefuzu, ni ya mtu *anayejulikana*.

— Hasa, mzee. Asiyejulikana hawezi kutofanana na mtu. Binti akaandaa kalamu. Haya. Nywele zipo, naziona. Kovu lipo. Na bado hajulikani?

— Hajulikani kabisa! Wembe akaruka. Jamani, kuna anayemjua huyu?

— Simjui wala simfahamu, alisema Antena.

— Ndiyo kwanza namwona, alisema Katibu, ambaye hajawahi kuidanganya ofisi maisha yake yote.

Muhuri ukagonga karatasi juu ya goti la binti. Mwaka mwingine mzima. Wembe alitoa pumzi ndefu kama gurudumu linalotolewa upepo, akaegemea ukuta, akacheka peke yake. Kisha akaanza kugawa vikombe vya watu kana kwamba kahawa ni ya kwake, na kwa mara ya kwanza Shangazi akamwacha.

Binti alipokuwa anafungua mwavuli wake, Antena alishindwa kuvumilia.

— Mwanangu, kwa nini lakini Radi Mbili kanyoa?

— Si amesema mwenyewe asubuhi hii? Mama yake alimwambia zimezidi. Hamkusikiliza mahojiano?

— Niliona kipara nikatoka mbio.

Binti akaenda zake akicheka hadi kwenye kona. Tukakaa tukinywa kahawa ambayo ilikuwa imepoa na ilikuwa tamu ajabu. Mmoja tu hakugusa kikombe. Brashi alikuwa amesimama katikati ya njia, shingo ameinyoosha, anamtazama yule mtu wake asiyejulikana.

— Ile pua, alisema mwishowe, ningeishusha kidogo. Na masikio nikiyapunguza, nikafuta na hilo kovu...

Mkono wake ulikuwa umekwishaifikia brashi. Wembe aliinuka, akamshika mabega, akamrudisha kwenye benchi kwa upole mkubwa, akamkabidhi kikombe chake mwenyewe.

— Kaa hapa, ndugu yangu. Kaa unywe. Ukimgusa utamfananisha na mtu.