Turubai la Wageni

Ndani ya treni, Agnella aliacha kumenya karanga akatega sikio. Bibi aliyeketi mbele yake alikuwa akimhoji abiria mwenzake: imekuwaje halmashauri ikaezeka zahanati ya kijiji chenu, na ile ya kwetu, ambayo wananchi tulipandisha kuta miaka sita iliyopita, ndani mmeota mipapai?

"Mama, wakubwa walipokuja tuliwakalisha humohumo ndani ya kuta. Mvua ikawanyeshea. Bajeti iliyofuata, mabati yakaja."

"Wageni?" Bibi alishika kifua. "Sisi kila wakija tunawakodia turubai!"

"Ndiyo maana."

Agnella, ambaye hakuulizwa, moyoni alichagua mabati. Treni ikasimama Mang'ula. Bibi akajitwika kapu lake, kisha akageuka.

"Lakini mwanangu, hata chai hamkuwapa?"