Nyota Yenye Mitungi Miwili

DESOLINA: Haloo! Nani mwenzangu?

NIVES: Ni mimi, Shangazi. Nives. Shikamoo.

DESOLINA: Nives yupi?

NIVES: Wa Corrado, Shangazi. Si tunafunga ndoa Jumamosi?

DESOLINA: Ahaa, huyo. Marahaba. Sema upesi, nina kitunguu saumu na dagaa wa chumvi motoni. Vikiungua, jengo zima litanuka wiki.

NIVES: Samahani. Kuna karata imetoka. Kwenye zile za ubashiri ulizotuzawadia Krismasi. Tunaomba uisome.

DESOLINA: Mimi tena? Si wewe uliyecheka nilipokusomea, mpaka mvinyo ukakutoka puani?

NIVES: Nilikosa adabu. Nisamehe.

DESOLINA: Mbele ya wageni wangu!

NIVES: Najua, Shangazi. Lakini Corrado amesema neno lako ndilo la mwisho. Ukisema tuoane, Jumamosi tunaingia kanisani. Ukikataa, basi, hakuna harusi.

DESOLINA: Kasema hivyo? Mwenyewe?

NIVES: Hivyo hivyo.

DESOLINA: Mtoto nimemlea huyo. Mama yake hakuwahi hata kumfunga viatu vya shule. Haya. Karata gani?

NIVES: Nyota. Ni ya heri, sivyo? Kikaratasi kilichomo kwenye boksi kinasema tumaini—

DESOLINA: Kikaratasi! Hata boksi la sabuni limeandikwa maneno mazuri. Iangalie picha. Yule mwanamke anafanya nini?

NIVES: Yuko uchi, amepiga goti. Ana mitungi miwili, anamwaga maji. Ya mmoja bwawani, ya mwingine mchangani.

DESOLINA: Yanajaa?

NIVES: Hapana... yanapotea tu. Lakini Shangazi, kabla hujaendelea, aliyekata—

DESOLINA: Nyamaza, nasoma. Nimefundisha Kilatini maisha yangu yote, na ninakwambia karata hizi bila hadithi za kale ni picha za kuwachezea watoto. Unawajua mabinti wa Danao?

NIVES: Hata Danao mwenyewe simjui.

DESOLINA: Utamjua leo. Mfalme. Ana mabinti hamsini, na ndugu yake ana wavulana hamsini. Wakaozeshwa siku moja. Baba akampa kila bibi harusi kisu cha kuficha kwenye nywele. Waume walipolala, wakachinjwa kitandani.

NIVES: Wote?

DESOLINA: Wote! Hakuna aliyetoka na mikono safi. Basi kuzimu wakapewa kazi ya kujaza maji pipa lililotoboka. Wanachota, wanamwaga. Hata sasa tunavyoongea, wanamwaga. Mmoja wao ndiye huyo wa kwenye karata yako.

NIVES: (mkwaruzo kwenye simu) Shangazi, sikiliza kwanza. Aliyekata karata si—

DESOLINA: Usinikatize! Ndiyo maana hamfundishiki. Miaka minne unalala na mtoto wangu, bibie. Tumbo liko wapi?

NIVES: Tafadhali.

DESOLINA: Tafadhali nini? Mtaa mzima unauliza, mimi ndiye ninayekosa jibu. Mfuko wa lozi za sukari za harusi una lozi tano, na moja ni ya uzazi. Wako wangeweka nne, wageni wasidanganywe.

NIVES: (anavuta kamasi)

DESOLINA: Unalia?

NIVES: Hapana. Ila hujauliza aliyeka—

DESOLINA: Chii! Namalizia. Mwenye karata hii ni pipa bovu. Hana kisu, lakini atamuua mwenzake hivyo hivyo, polepole, kwa kumsubirisha. Nyumba yake haitajaa.

NIVES: Na afanyeje huyo mwenye karata?

DESOLINA: Aachwe. Kabla ya Jumamosi. Na asije akajifanya amependwa, ameonewa huruma tu.

NIVES: Hilo ndilo neno lako la mwisho?

DESOLINA: Ndilo. Na utampelekea Corrado wewe mwenyewe, neno kwa neno, usipunguze hata moja. Apa.

NIVES: Shangazi, usiniapishe.

DESOLINA: Apa! Kwa kaburi la mama yako.

NIVES: ...Naapa. Kwa kaburi la mama.

DESOLINA: Vizuri. Haya, kwaheri, dagaa wangu—

NIVES: Ngoja. Hukuuliza swali la kwanza.

DESOLINA: Swali gani?

NIVES: Unalomuuliza kila mtu kabla hajakaa. Nani aliyekata kwa mkono wa kushoto. Si huwa unasema karata ni ya mkono ulioikata?

DESOLINA: Si wewe?

NIVES: Jana tulitoka kwa daktari. Vipimo vyangu vya uzazi ni vizuri. Vya kwake sivyo.

DESOLINA: Vya nani?

NIVES: Corrado. Alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akatoa karata zako, akazichanganya, akakata kwa kushoto, kama ulivyomfundisha akiwa mdogo. Ikatoka Nyota. Akacheka, Shangazi. Akasema, mpigie Shangazi, yeye hawezi kunidanganya.

DESOLINA: Yesu na Maria. Kwa nini hukusema?

NIVES: Nilisema mara tatu.

DESOLINA: Ungepiga kelele!

NIVES: Mara ya kwanza nilitaka kukuzuia. Ya mwisho nilitaka kuona utafika wapi.

DESOLINA: Mwambie ni heri! Mwambie tumaini, kama kikaratasi kinavyosema!

NIVES: Umeniapisha.

DESOLINA: Nakufungua!

NIVES: Kaburi si la mama yako.

DESOLINA: Nives, mwanangu, nakupigia magoti. Ukimwambia pipa bovu atajimaliza. Namjua.

NIVES: Mwanangu, leo! Mimi namtaka hata tukibaki wawili mpaka uzee. Nimemwambia tangu jana. Hanisikii. Anakusikia wewe.

DESOLINA: Nipe niongee naye. Yuko wapi?

NIVES: Jikoni, anafunga lozi. Tano tano. Mimi niko nje barazani, ananitazama kupitia dirisha... (mkwaruzo kwenye simu) Shangazi, chaji inaniishia.

DESOLINA: Usikate! Nimekuficha kitu. Kwenye hadithi. Si wote—

NIVES: Ulisema wote.

DESOLINA: Nilikuwa na hasira na wewe! Kuna mmoja—

NIVES: Anafungua mlango. Anauliza umesemaje.

DESOLINA: Mmoja hakuua, Nives! Wa hamsini! Alimpenda mumewe, akakitupa kisu, wakaishi! Mwambie habari za huyo! Soma huyo! Nives? ...Haloo? ...Corrado?