Jinsi Bwana Alivyoniondolea Aibu ya Kuwa na Bosi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni taratibu, maana mkipaza sauti nitasahau nilipofika. Mnanijua, mimi ni Zabroni, yule wa benchi la nyuma karibu na mlango. Mchungaji ameniomba ushuhuda huu mara nyingi, nami nikawa natoroka kabla ya baraka. Leo nimeuandika nyumbani polepole, kwa elimu yangu ya darasa la saba, na nitausoma kama ulivyo. Haleluya!

Kazi yangu ni kukalafati maboti ya mbao pale ufukweni Kibirizi. Seremala akishaunga mbao, mimi nachukua pamba, nailoweka katika mawese, naishindilia kwa patasi kwenye kila upenyo mpaka maji yakose njia. Bosi wangu ni Mzee Rajabu wa Ujiji, Mwislamu mcha Mungu, na ana sharti moja. Boti likishushwa majini mara ya kwanza, aliyelikalafati anaingia wa kwanza, miguu peku, akae humo mpaka mwenye boti aridhike. Pamba ikilala vibaya, nyayo zako ndizo zitakazojua kabla ya wengine. Kazi hii niliipenda. Ni ya kimya, na mimi ni mtu wa kimya.

Basi ikaja ile habari ya kujiajiri. Redioni kujiajiri, kwenye mkutano wa vijana kujiajiri! Ndugu yetu Elia wa kwaya, mwenye duka lake la vifaa vya simu, alinishika bega mbele ya vijana wote. Namtaja kwa upendo, yuko hapa, anacheka.

"Zabroni, mpaka lini utaitwa 'wewe, lete pamba'? Watoto wa Mungu ni vichwa, si mikia! Una bosi kama mtoto wa shule ana mwalimu!"

Wote wakacheka. Ndugu zangu, niliona haya mpaka chakula kikanishinda. Tangu siku ile, kila Mzee Rajabu aliponiita, nilisikia "mkia". Nikaanza kuamini kwamba kuwa na bosi ni upungufu wa imani. Nikamuaga. Hakunizuia.

"Nenda ukajaribu, mwanangu," alisema. "Nafasi yako nitaishikilia kidogo. Lakini maboti hayasubiri."

Nikanunua dagaa, nikapanga meza sokoni Mwandiga. Jamani, sokoni bila mdomo! Jirani yangu Mama Neema alikuwa akinadi dagaa wake mpaka watu wa barabarani wanageuka. Mimi nimekaa nyuma ya meza kama mfiwa.

"We kijana," akaniambia, "hao dagaa wamekufa. Hawataita wateja wenyewe!"

Kisha wateja wakanigundua. Mnajua kwetu, ukinunua kopo la dagaa lazima uombe nyongeza, na muuzaji lazima agombe kidogo ndipo akutupie kiganja huku analalamika. Ndiyo raha ya soko. Mimi kugomba sikuweza. "Niongeze, baba," naongeza. "Hii ndiyo nini sasa? Ongeza," naongeza! Habari zikasambaa, meza yangu ikajaa watu. Nikarudi nyumbani naimba, nasema Bwana amenifungulia madirisha ya mbinguni. Kumbe waliofunguliwa madirisha ni wao! Niliporudi ufukweni kuchukua mzigo mwingine, mauzo yangu hayakufikia hata nusu ya bei ya ule wa kwanza.

Nikasimama pale na gunia tupu. Mzee Rajabu akaniona, nikamwamkia.

"Marahaba. Na hilo boti lako, linavuja wapi?"

"Mdomoni, Mzee. Siwezi kumkatalia mtu."

Alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akaniambia, "Maboti mawili yananingoja. Kuna kijana wa Kasingirima anaiomba nafasi yako. Jumatatu nitampa, labda uje mwenyewe kabla."

Ndugu zangu, wiki ile nililia mbele za Mungu. Kurudi nilitaka sana. Lakini nikirudi, nitakuwa nimeitwa au nimekimbia? Maana mtu anaweza kujificha kwa bosi kwa sababu ya woga, na mwingine anaweza kujiajiri kwa kuogopa kuchekwa tu. Nikaomba, "Bwana, nipe mdomo kwanza. Halafu unionyeshe mahali pangu."

Nikachukua mzigo mdogo, nikarudi Mwandiga. Mteja wa kwanza ni mama aliyekwisha kunizoea, safari hii kaja na beseni! Nikampa kopo lake na kiganja kimoja.

"Ongeza bwana, leo una nini?"

Nikafungua kinywa: "Mama, imetosha! Ukitaka tena, nunua tena!"

Sauti ilitoka kubwa mpaka Mama Neema akaacha kunadi. "Jamani! Kumbe ana meno!"

Soko lote likacheka, na yule mama akacheka, akanunua kopo la pili. Haleluya! Siku ile niligomba, nikatania, mzigo ukaisha na faida nikaiona.

Na hapo ndipo Bwana aliponijibu. Nilipokuwa nakunja gunia nilijikuta natazama ufa wa meza, nawaza utakula pamba kiasi gani. Mama Neema alikuwa bado anatania watu, uso unang'aa. Soko ni la kwake, Mungu ambariki! Mimi nilikuwa hoi kama mpagazi wa bandarini. Nikajua kwamba sasa naweza kubaki na naweza kuondoka, kwa hiyo nikiondoka sikimbii. Aibu ikanitoka palepale.

Jumapili, tulipotoka ibadani, nikaenda Ujiji. "Mzee, nimekuja mwenyewe," nikamwambia. Na kwa mdomo ule mpya nikaongeza kwamba maboti mawili ni kazi ya watu wawili, yule wa Kasingirima naye achukuliwe.

"Alhamdulillahi!" Mzee akapiga makofi. "Aliondoka bubu, amerudi wakili!"

Akatuchukua wote. Boti la kwanza liliposhushwa juzi, niliingia miguu peku, nikakaa. Akina mama wakapiga vigelegele. Elia alikuwa amekuja kutazama, akanipigia kelele kutoka ufukweni:

"Zabroni! Huko ni kichwa au mkia?"

Nikamjibu kwa sauti ambayo ziwa zima lilisikia: "Miguu mikavu!"

Namshukuru Mungu, namshukuru Mzee wangu, namshukuru hata Elia. Kijana mwenzangu, kama Bwana amekupa biashara, ifungue kwa furaha. Kama amekupa bosi mwema, mtumikie bila kuinamisha kichwa. Ila usiende popote kwa kusukumwa na kicheko cha watu. Mwombe, jaribu, mtegemee yeye, atakuweka panapokufaa. Alinikuta mimi wa benchi la nyuma, wewe hatakupita.

Nimemaliza. Sasa itikieni kwa nguvu zenu zote, siogopi tena. Bwana asifiwe!