Pad ya Zamani na Mkono Ndani ya Koti

Wapendwa, hii koti mnaona nimevaa na jua hili si ati nasikia baridi. Naficha mkono.

Kiharusi kilinishika shambani, hapa hapa Kamukuywa. Nilipotoka hospitalini Bungoma mguu ulikuwa umerudi, mdomo umerudi, lakini mkono wa kulia ulikuwa kama si wangu. Niliona haya, ndugu zangu. Si mnajua tukitoka ibadani tunapanga mstari pale nje, kila mtu anasalimia kila mtu kwa mkono? Mimi nilitoroka wakati wa sala ya mwisho, nyinyi mkiwa mmefunga macho. Mnacheka, lakini njiani nililia. Baadaye nikaacha kuja kabisa.

Mke wangu akanipeleka Kitale kwa dada yangu, anayetengeneza simu. Dada alikuwa ameweka pad ya geimu tuliyochezea utotoni, ile ya waya, vitufe vimelika. Akaifungua, akatia ndani kile kidude kinachofanya simu ijue umeigeuza. Ukiinamisha pad, gari kwenye skrini linakata kona. Akaifunga kwa leso kwenye mkono wangu mbovu.

Nilikasirika. Mtu mzima nafungwa kitu ya watoto mbele ya wateja! Nikamwambia ampe mwenye mikono, nikageuza uso.

Gari likakata kona.

"Kitu yako imeharibika," nikamwambia. "Mimi sijafanya chochote."

Akaifungua leso, akaiweka pad mezani. Gari likaenda moja kwa moja. Akaifunga tena mkononi, likayumba tena.

"Si pad," akasema. "Ni wewe."

Nawaambia, siku hiyo niliona aibu kuliko zote. Daktari wa mazoezi alikuwa ameniambia mkono una uhai, nikamwona mwongo. Nikauficha hata nami nisiuone. Tangu hapo nilicheza kila asubuhi, gari likigonga kuta kwenye skrini, dada akinicheka bana, mpaka vidole vikaweza kushika kikombe.

Asante dada yangu. Asante mke wangu, ulinifunga vifungo vya shati na hukunisimanga. Na wewe unayeficha kitu hapa, usikifiche mpaka ukasahau kukiangalia.

Aibu haijaisha, koti si mnaiona. Lakini leo baada ya sala ya mwisho sitoroki. Nitasimama kwa mstari. Mkono wangu utachelewa kidogo kufika. Mningojee.