Dakika Kumi za Mwalimu Ernesti

Miaka thelathini na mitatu ya kufundisha hisabati Handeni na Korogwe inafikia mwisho tarehe 30 Juni, Mwalimu Ernesti Simeo atakapokabidhi chaki na funguo za kabati. Mimi, jirani yake wa meza ofisini, ndiye niliyepewa kazi ya kumwandika. Kaniwekea sharti moja: habari ya Mwaija iwemo, la sivyo niache ukurasa mtupu.

Mwaka 2003, akiwa bado Handeni, alimwita ubaoni Mwaija Mdoe wa Kidato cha Pili, akamwambia "do it in your head", yaani apige hesabu kichwani. Msichana akasimama kimya, chaki mkononi. Mwalimu akamwambia mbele ya darasa zima kwamba kichwa chenyewe hana, arudi kwao akapalilie mihogo. Darasa likaangua kicheko. Jumatatu yake Mwaija hakuja, wala hakuja tena.

Miaka sita baadaye, basi liliposimama Mkata, Mwalimu alimwona akiuza mahindi madirishani. Alikuwa akihudumia abiria wanane kwa mkupuo, kila mmoja na hesabu yake, bila kukosea. Hesabu alikuwa nazo siku zote. Alichokosa ni Kiingereza cha mwalimu, ambacho hakuna aliyemfundisha. Mwalimu Ernesti alifika Korogwe hajafungua dirisha. Aliona aibu, na hadi leo anaiona.

Tangu hapo kila kipindi chake kilianza na dakika kumi za maneno ya Kiingereza cha kila siku cha kupigia hesabu: "work it out", yaani kokotoa, "round it up", yaani kadiria kwenda juu, "a rough figure", yaani makadirio tu, yote akiyafafanua kwa Kiswahili, na kwa Kizigua palipohitajika. Tulimtania sana. Hata mlinzi wetu, Mzee Mbwana, aliyanasa. Ukimuuliza waliochelewa ni wangapi, anakujibu "roughly tisa". Lakini darasani kwake hakuna tena mtoto aliyechekwa kwa kunyamaza.

Zawadi ameikataa. Aliomba tu Mwaija aalikwe kwenye sherehe ya kumuaga, amwombe radhi mbele ya watu, kwa kuwa alimtukana mbele ya watu. Kadi niliipeleka Mkata mwenyewe. Mwaija aliisoma mara mbili, akanirudishia.

"Mpelekee Mwalimu shikamoo yangu," alisema. "Ila kuja, siji."

Mwalimu, shikamoo hiyo nimeifikisha. Ahsante kwa watoto wote uliowangoja wajibu. Tunakuombea afya njema na uzee wenye utulivu. Kiti cha Mwaija tumekiweka mstari wa mbele kama ulivyotaka, na hakuna atakayekikalia.