Mwalimu Sateshwari Negi na Mtungi wa Mzee Rawat

Leo, tarehe 31 Machi 2024, Mwalimu Sateshwari Negi anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kamili katika Shule ya Msingi ya Kandoli. Wengi wetu hatujawahi kuiona shule hii bila yeye. Nimeombwa niandike kwa utulivu unaomfaa mwalimu wa hesabu, lakini jamani, leo utulivu nitautoa wapi?

Alipofika Aprili 1991, chemchemi iliyo juu ya shule ilikuwa imekauka. Mialoni, miti inayoshika maji ardhini, ilikuwa imekatwa, na misonobari imetamalaki mlima mzima. Wasichana wa darasa la tano walishuka mpaka mtoni kuchota maji, na kufikia Mei watano kati ya saba walikuwa wameacha masomo. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba kuwarudisha. Akina mama walimjibu jibu moja: "Dada, maji ataleta nani? Wewe?"

Swali hilo lilimuuma. Akasimama kwenye mkutano wa kijiji akatangaza kwamba maji yatarudi, na watakaoyarudisha ni watoto. Watu walivunjika mbavu. Mzee Shishupal Rawat, mwenyekiti wetu wakati huo, ndiye aliyecheka kuliko wote. "Dada mwalimu," alisema, "chemchemi ile ikijaza mtungi mwezi wa Mei, nitakuletea maji mwenyewe, kichwani, mpaka mlangoni pako!" Kwetu milimani mwanamume habebi maji. Ilikuwa sawa na kusema siku hiyo haitafika kamwe.

Mwalimu alianza kazi kwa hadithi. Aliwasimulia watoto habari za Gaura Devi, mama wa milima hii hii, aliyewaongoza wanawake wenzake wa kijiji cha Reni kusimama kati ya mashoka na miti yao. Aliwasimulia habari za Amrita Devi wa Rajasthan, aliyekumbatia mti na kukubali kufa nao. Watoto walisikiliza wakasahau hata kula.

Wengine walisikiliza kupita kiasi. Mwaka 1998 fundi alikuja kukata msonobari mkavu ulioegemea choo cha shule. Darasa la nne zima likaukumbatia. "Nikate mimi kwanza!" alipiga kelele Kunwari, mtoto wa miaka tisa, huku siafu wakimpanda shingoni. Kwa muda wa saa mbili hawakubanduka. Ombi la kuukata mti ule alikuwa amelisaini Mwalimu Sateshwari mwenyewe! Wiki nzima darasa lilijikuna, na mwalimu alijikuna nalo, maana alipokwenda kuwabembeleza aliishia kuukumbatia pia.

Kila Agosti, mvua ikishalainisha udongo, watoto walichimba mashimo ya kukinga maji mlimani na kupanda mialoni. Lakini miche haikudumu, kwa sababu mama zao waliikata majani ya kulisha nyati wao wa maziwa. Mimi nilishauri uzio. Yeye alingoja Raksha Bandhan, siku ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi na kaka humpa zawadi, akawaambia wasichana kila mmoja afunge uzi wake kwenye mche. Kunwari, ambaye sasa alikuwa darasa la tano, alinung'unika: "Kaka yangu huyu hajanipa hata pipi." Mwalimu akamwambia, "Mwache akue kwanza. Kaka yako wa nyumbani mbona unamsubiri?"

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Akina mama walipanda mlimani na miundu yao, wakaona nyuzi, wakasimama. Nilimsikia mama yake Kunwari akilalamika kwa sauti: "Huyu mwalimu ametuweza! Kama ni kaka wa binti yangu, si ni mwanangu? Nitamkataje?" Wakateremka kutafuta majani kwingine. Nami nikayaacha mawazo yangu ya uzio.

Mialoni ilikua polepole, nasi tulizeeka haraka. Mwaka 2016 mwamba wa chemchemi ulianza kutona. "Hayo ni machozi, si maji," alisema Mzee Rawat. Agosti ilipofika, Mwalimu alipanda tena. Kisha Mei iliyopita, katikati ya kiangazi, chemchemi ilijaza mtungi wa shaba tukiwa tumesimama hapo hapo, watoto wakirukaruka, mwalimu akilia waziwazi. Mzee Rawat akasema goti linamuuma. Goti hilo limeuma miezi kumi.

Nilifungua daftari la mahudhurio la Mei ile. Hakuna msichana hata mmoja aliyekosa shule kwa sababu ya maji. Binti yake Kunwari yumo, darasa la tano.

Ratiba yetu ilikuwa ianze na hotuba, lakini jana jioni wajukuu wa Mzee Rawat walimfuma nyuma ya zizi, mtungi kichwani, akijifunza kutembea. Basi tumebadilisha. Kabla ya hotuba, tafadhali wote simameni mlangoni pa darasa la tano, anapofundisha Mwalimu. Msimcheke mzee, ana miaka themanini na moja, na njia ni ya mteremko. Mkishindwa, mcheke kidogo tu.

Mwalimu Sateshwari, asante kwa watoto wetu, na kwa mlima wetu. Nenda ukapumzike, uwe na afya na furaha tele. Kikombe cha kwanza ni chako.

Mahimanand Semwal, mwalimu wa hesabu