Geji Iliyosoma Sitini na Mbili: Verlyn Sedlacek Anatuaga

Bwana Verlyn Sedlacek, mwendesha mitambo wa kikosi B katika Kituo cha Nyuklia cha Otter Bend, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2024, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane na siku ishirini na sita. Siku hizo ishirini na sita ameziongeza mwenyewe kwenye fomu kwa kalamu nyeusi, akatia herufi za jina lake pembeni pamoja na tarehe, kama afanyavyo kwa kila kitu anachokisahihisha. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika "takriban 38." Neno "takriban" halijawahi kupita salama mikononi mwa Verlyn.

Niseme mapema kwamba si mimi niliyeomba kuandika wasifu huu. Tangu Oktoba 2013 sijakaa meza moja na mtu huyu, na kikosi kizima kinajua. Bosi wetu, Duane Osterloh, aliponiambia niandike, kisha nisimame Ijumaa bwaloni nisome na kumshukuru mbele ya watu mia mbili, nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Basi nitaandika ninayoyajua, na kama shukrani itapatikana, tutaiona huko mbele.

Verlyn aliripoti kazini Jumatatu, tarehe 5 Mei 1986, siku tisa tu baada ya ajali ya Chernobyl, wakati dunia nzima imekaa mbele ya televisheni ikionyeshwa sababu za kutokaribia kinu cha nyuklia. Mama yake alilia. Baba yake, mkulima wa mahindi, alimuuliza kama kazi hiyo ina bima ya meno. Verlyn akajibu kwamba inayo, na mjadala ukafungwa.

Kwa faida ya ndugu na majirani watakaokuja sherehe wakiamini kwamba Verlyn ndiye aliyekuwa akibonyeza kitufe chekundu: hakuna kitufe chekundu, na kingekuwapo asingeruhusiwa kukisogelea. Wanaokaa kwenye viti vya ofisi vyenye magurudumu katika chumba cha udhibiti, karibu na kahawa, ni watu wenye leseni. Mwendesha mitambo ni miguu, macho na pua yao. Wakitaka vali ifunguliwe, yeye ndiye hupanda ngazi akaifungua. Huzunguka majengo yote kwa zamu akisoma geji, akitazama oili, akisikiliza pampu, akinusa kama kuna kinachoungua. Hufunga vibandiko vyekundu vya "usiguse" kwenye swichi ili fundi asirushiwe mvuke usoni akiwa amelala chini ya bomba. Kila mwezi huwasha majenereta ya dizeli kuhakikisha yatawaka siku ya shida, na Januari, mto Missouri unapoanza kuganda, hushuka kwenye jengo la mto, linalovuta maji ya kupoza mitambo, kupambana na barafu. Miezi mingine hushuka huko huko kupambana na samaki waliokufa kwenye machujio. Ni kazi ya kifahari sana.

Verlyn anastaafu akiwa ngazi ile ile aliyoanzia, ukiacha zile za chuma alizozipanda kila siku. Kwa miaka thelathini na minane hajawahi kukaa kwenye kiti cha magurudumu cha chumba cha udhibiti. Wenzake walioanza naye walipata leseni, wakanenepa, wakastaafu. Tulimtania sana kwa hilo. Tulisema wakubwa wanaogopa kwamba akipewa kiti, kabla hajakikalia atakisomea namba.

Maana Verlyn husoma namba. Utaratibu wetu unadai kwamba kabla ya kugusa vali uinyooshee kidole, usome kibandiko chake kwa sauti, ndipo uiguse. Sisi wengine tunafanya hivyo tukijua tunatazamwa. Verlyn hufanya hivyo hata kwenye kituo cha mafuta. Nimemwona kwa macho yangu, amesimama kwenye upepo, kidole mbele, akiitangazia pampu ya petroli kwamba yeye ni namba nne. Foleni nyuma yake ilikuwa na magari sita.

Halafu kuna suala la kurudia. Chumba cha udhibiti kikikuagiza ufunge vali namba kumi na saba, unarudia kwamba umeelewa ufunge vali namba kumi na saba, nao wanajibu "sahihi," ndipo unainua mguu. Ukikosea kurudia wanasema "si sahihi," mnaanza upya. Watu wenye akili huiacha tabia hiyo getini pamoja na helmeti. Verlyn huenda nayo nyumbani. Mkewe, Arlys, ambaye kolache zake, vile vimkate vitamu vya mbegu za mpopi, ndizo sababu pekee ya baadhi yetu kuhudhuria Ijumaa, ananiambia, "Mwenzangu, mimi nikimwambia alete maziwa, kwanza nasomewa hotuba ya maziwa."

Siku ya harusi yao mwaka 1991, padre alipomaliza kumuuliza, Verlyn hakusema ndiyo kama wanaume wengine. Alisema, "Nimeelewa kwamba nimchukue Arlys awe mke wangu, kwa shida na raha." Kisha akamtazama padre, akingoja. Padre alikuwa mtu mwerevu, au pengine alikuwa na njaa. Akasema, "Sahihi, mwanangu," na ndoa ikafungwa.

Haki yake tumpe. Mwaka 2008 aliweka kiganja juu ya beringi ya pampu moja katika jengo la turbini, akasema ina joto. Wakaja wahandisi watatu na kompyuta.

"Mzee, vipimo vyote viko kawaida," wakamwambia.

"Basi iambieni kompyuta ije iweke mkono hapa."

Walibishana naye siku mbili. Siku ya tatu pampu ikasimamishwa, ikafunguliwa, na beringi ikakutwa imeanza kulika. Kwamba alikuwa sahihi ndilo jambo lililotukera zaidi. Alipewa cheti na kikombe cha kahawa chenye nembo ya kituo. Kikombe hicho amekiandika jina na tarehe ya kupokelewa.

Sasa tufike Oktoba 2013, maana wasifu usioitaja siku hiyo ungekuwa "takriban" wasifu.

Ilikuwa Alhamisi, na wote mnaokula hapa mnajua Alhamisi ya kwanza ya baridi maana yake nini bwaloni: maharage ya nyama yenye pilipili na mkate mtamu wa mdalasini pembeni, chakula ambacho watu wa majimbo mengine hutucheka nacho kwa sababu hawajakionja. Mimi, Rhonda Jelinek, nilikuwa kwenye mzunguko wa asubuhi. Nilikuwa nimebakiza jengo la mto tu. Mvua ilikuwa ikipiga ubavuni, samaki walikuwa wamejaa kwenye machujio, na huko chini kulikuwa na geji moja tu ya kusoma, ya presha ya pampu ya tatu. Geji hiyo ilikuwa ikisoma sitini na mbili tangu nilipoajiriwa. Saa nne na dakika arobaini niliandika 62 kwenye kumbukumbu, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula na trei mkononi.

Saa tano na nusu Verlyn, aliyekuwa kiongozi wetu wa waendesha mitambo, alisimama mbele ya meza yangu.

"Rhonda, geji ya pampu ya tatu umesoma ngapi?"

"Sitini na mbili, mzee."

"Nimeelewa kwamba umesoma sitini na mbili kwenye geji ya pampu ya tatu."

"Sahihi," nikajibu, mdomo umejaa mdalasini.

Akavuta kiti, akakaa. "Geji hiyo imefunguliwa saa mbili asubuhi. Iko mezani kwa mafundi wa vipimo. Nimetoka kuiangalia sasa hivi, inasoma sifuri."

Msiofanya kazi hapa huenda mkacheka. Sisi hatucheki. Anayeandika kipimo ambacho hakukisoma, akakamatwa, hunyang'anywa kitambulisho cha geti siku hiyo hiyo, na hakuna kituo cha nyuklia katika nchi hii kitakachomfungulia mlango tena. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na mume aliyeumia mgongo. Kazi nyingine katika wilaya yetu ni kuuza mbegu, au kuwauzia vinywaji wauza mbegu.

"Mzee, nina watoto," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Anayejipeleka mwenyewe husikilizwa. Nenda kwa Osterloh kabla ya saa sita. Ikifika saa sita naenda mimi."

"Ni namba tu! Kila siku ni hiyo hiyo!"

"Leo haikuwa hiyo hiyo," akasema, akainuka, akarudisha kiti mahali pake.

Nilikwenda. Sikwenda kwa ushujaa, nilikwenda kwa sababu nilimjua; ikifika saa sita angekwenda, na angenyoosha kidole kwenye mlango na kusoma namba yake kabla ya kubisha. Nilisimamishwa kazi wiki mbili, nikafutiwa vibali vyote, nikarudia mitihani kwa miezi saba kama mgeni. Lakini nilibaki. Siku ile nilipotoka ofisini nikilia, nilimkuta Verlyn ameketi kwenye benchi la korido, helmeti mapajani. Nilijua amekuja kuhakikisha nimeingia kweli.

"Wewe ni msaliti," nikamwambia mbele ya karani.

Akaniangalia. "Nimeelewa kwamba mimi ni msaliti."

"Sahihi!" nikasema, nikaenda zangu.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana nje ya kazi. Muda mfupi baadaye nilisikia si kiongozi tena, na jina lake halipo kwenye darasa la leseni alilokuwa amelingoja miaka mingi, ambalo lilikuwa lianze mwezi uliofuata. Nikasema moyoni, hata wakubwa wamemchoka. Nilifurahi, siwafichi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Osterloh kukataa kazi hii.

"Bosi, tafuta mwingine. Mimi nitamshukuru kwa lipi?"

Osterloh alinitazama kama mtu aliyeambiwa jua halikuchomoza. "Rhonda, ina maana hujui? Miaka yote hii?"

"Nijue nini?"

"Kaa chini. Nimeshamwomba ruhusa, kasema sawa, mradi usome yote na si nusu." Akatoa karatasi kwenye faili.

Niliujua mwandiko. Kalamu nyeusi, herufi za jina pembeni, tarehe ya Alhamisi ile ile, saa sita na dakika tano. Verlyn alikuwa ameandika kwamba mwaka 2009 alitia sahihi kadi ya umahiri ya mwendesha mitambo mgeni, akithibitisha kwamba ametembea naye hadi jengo la mto na kumwonyesha kila geji. Hakutembea naye. Ilikuwa mvua. Alimchorea jengo hilo kwenye karatasi ya kufutia mikono, bwaloni, wakinywa kahawa. "Mtu huyu alijifunza kwangu kwamba jengo la mto linaweza kusomwa ukiwa umekaa," aliandika. "Kosa la leo lilianza kwenye sahihi yangu. Naomba nichunguzwe."

Mgeni huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa ile karatasi. Sasa naikumbuka hadi doa la kahawa lililokaa pale penye pampu ya tatu.

Walimchunguza. Walimvua uongozi, wakalifuta jina lake kwenye darasa la leseni, na darasa lililofuata alikuwa ameshavuka umri ambao wakubwa hupenda kuwekeza kwa mtu. Hakuna mtu angejua. Mimi mwenyewe nisingejua. Kwa miaka kumi na nusu tumemtania kuhusu kile kiti, mimi nikiwa wa kwanza, na hakuwahi kufungua mdomo. Na lile benchi la korido! Nilidhani ananilinda nisikimbie, kumbe alikuwa kwenye foleni.

Nililia ofisini kwa Osterloh kwa mara ya pili katika maisha yangu, na leo nimeshuka jengo la mto kwa miguu, nje ya zamu yangu, kuangalia tu. Geji ya pampu ya tatu inasoma sitini na mbili.

Kwa niaba ya kikosi B na kituo kizima, Verlyn, tunakushukuru kwa vali ulizozifungua na ulizokataa kuzifungua, kwa beringi, kwa barafu, kwa samaki, na kwa kutuchosha kila siku hadi tukafika nyumbani salama. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma na Jumamosi nyingi za mpira ukiwa na koti lako jekundu la mashabiki, na tunamwombea Arlys subira, maana sasa atakuwa nawe saa zote. Ijumaa utakapoingia bwaloni utakuta tumekuletea kiti cha magurudumu kutoka chumba cha udhibiti. Kina namba, usijali. Kitakuwa kwenye meza yangu.

Limebaki moja, na nitalifanya kwa utaratibu, kwa sababu ni wewe. Oktoba 2013, mlangoni kwa Osterloh, nilikuambia neno, ukalirudia, nami nikathibitisha kwamba ni sahihi. Si sahihi. Tunaanza upya: wewe ni rafiki yangu, Verlyn. Nasubiri urudie.